Babirye Hakufa Darajani

Juzi nilinunua kabalagala kwa mwanamke mmoja pale steji, zile za ndizi mbivu na unga wa muhogo, zimefungwa kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto wa shule. Kabla sijaonja hata moja nilikuwa nimesharudi Busia. Harufu ile ya ndizi ikikutana na mafuta moto, kwangu mimi, ni harufu ya giza la saa nane mchana, ya moshi wa jenereta na ya watoto arobaini waliobanana kwenye mabenchi. Ni harufu ya ukumbi wa video wa Nalongo. Rafiki niliyekuwa naye aliniuliza mbona nimekunja uso ghafla, au kabalagala zimeoza. Nikamwambia hapana, nimekumbuka tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika, na hasira yenyewe ni ya zamani sana, na sijaona sababu ya kuiacha.

Watu wa rika langu waliokulia upande huu wa mpaka wa Kenya na Uganda wanajua ninachozungumzia hata kama hawakuingia kwa Nalongo, maana kila mtaa ulikuwa na ukumbi wake. Kuta za mabati, paa la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi ya mbao zilizopigiliwa juu ya magogo. Mbele, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, TV moja na deki moja. Nalongo mwenyewe alitoka ng'ambo akaolewa huku. Waganda humwita hivyo mama aliyezaa mapacha, na hakuna mtu pale mtaani aliyejua kama ana jina lingine. Alikuwa mwanamke mnene, mpole hadi umchokoze, na mlangoni alikaanga kabalagala za kutuuzia. CD zake alizifuata Malaba, kwa vijana waliozichuuza kwenye foleni ya malori, na zote zilikuwa za kutafsiriwa.

Kwa mtu asiyejua, filamu ya kutafsiriwa ilikuwa hivi. Picha ni ya Wachina au Wahindi au Wazungu, lakini juu ya sauti zao yuko mwanamume mmoja wa Kampala anayezungumza Kiganda mwanzo hadi mwisho. Anasema maneno ya wote, wanaume kwa wanawake. Anawabatiza majina ya Kiganda, anawatukana maadui, anawaonya wema wasiingie kwenye nyumba fulani. Mtafsiri wa CD za Nalongo alijiita Lugambo, yaani umbea, na jina lilimkaa. Filamu ikikaribia kwisha aliachana na habari akaanza salamu: salamu kwa mwenye saluni, salamu kwa muuza magodoro, namba za simu za watu tusiowajua. Akianza salamu tu, sote tulisimama na Nalongo akatoa CD, ili deki ipoe kabla ya watu wazima kuingia saa kumi. Ndivyo tulivyojua kwamba filamu imeisha.

Kiganda tulikiokota pale pale gizani bila kufundishwa. Na mimi niliokota jambo lingine pamoja nacho, ambalo sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani kila mtu analijua. Niliamini kwamba Lugambo ndiye anayeamua. Mbona alikuwa anasema kabla? "Huyu sasa anakufa," angesema, na kweli mtu huyo akaanguka. "Huyu atamsaliti mwenzake," na kweli akamsaliti. Niliona kwamba watu wote wa ndani ya TV wako chini yake, kama sisi tulivyokuwa chini ya mwalimu mkuu, na kwamba akitaka mtu apone, atapona. Nilimwogopa mtu huyo ambaye sikuwahi kumwona hata picha.

Jumamosi saa nane ilikuwa yetu sisi watoto, na filamu tulichagua wenyewe. Kulikuwa na utaratibu, na tulikuwa tunauheshimu kuliko ibada. Yeyote aliyeona filamu nzuri mahali pengine, kwa jirani, kwa jamaa, ng'ambo, alisimama mbele ya TV iliyozimwa akaiuza. Tuliita kuuza, ingawa hakuna aliyelipwa. Ulisema stelingi, yaani shujaa wa filamu, ni nani, maadui walimkosea nini, walimkimbiza wapi, halafu ukakata maneno pale ambapo wenzako wameshika vichwa. Kusema mwisho ilikuwa marufuku. Filamu iliyopigiwa makofi mengi zaidi, Nalongo aliitafuta Malaba, tukaiona wiki iliyofuata. Na juu ya yote hayo kulikuwa na sheria moja isiyo na mjadala, ambayo kila mtoto wa nchi hizi anaijua: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa, atatolewa jicho, lakini kufa hafi. Akifa, basi hakuwa stelingi tangu mwanzo, ulikosea wewe kuhesabu.

Bingwa wa kuuza alikuwa Wandera, wa darasa la nane, kijana mwenye mikono mirefu aliyeigiza kila ngumi. Sitamwonea, alikuwa hodari. Angeweza kukuuzia filamu uliyokwisha kuiona mara tatu, ukaitamani. Lakini aliuza yeye, waliuza wavulana wenzake, na sisi wasichana saba tulikaa kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na pengo ambako moshi wa jenereta uliingilia. Hakuna aliyetukataza kuuza. Ila ukisimama, walicheka kabla hujafungua mdomo. Walisema tunalia sana, tunaharibu filamu. Nilikuwa darasa la sita, nina mdomo ambao mama alisema utanifikisha mahakamani, na moyo wangu ulikuwa unachemka kila Jumamosi.

Kando yangu alikaa Amoding, Mteso wa kutoka upande wa Malaba, aliyekuwa akiishi na nyanya yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Amoding hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na macho. Aliweza kukuambia filamu nzima ilivyokuwa, nani alivaa shati gani, glasi ilikuwa mkono upi. Mimi nilishika maneno, yeye alishika picha, na tukitoka pale tulikuwa na filamu kamili baina yetu.

Likizo moja nilikwenda kumtembelea senge yangu, dada ya baba, aliyekuwa ameolewa Tororo. Huko ndiko nilikokutana na Babirye. Kwa jina la Kichina sijui aliitwaje, lakini Lugambo alimwita Babirye, na pacha wake wa kiume akamwita Kato. Maadui wanaingia nyumbani kwao, wanamuua baba, wanampiga Babirye kwa chuma hadi mguu wa kushoto unaharibika. Kila mtu anamwambia akae nyumbani, atachechemea maisha yake yote. Babirye anajifundisha kupigana akichechemea vivyo hivyo. Anapiga teke kwa mguu mzima, anasimama kwa ule mbovu. Kato yeye anabaki nyumbani kulia na kupika uji. Sijawahi kumpenda mtu wa kwenye TV vile. Nilikaa sakafuni kwa senge nikisahau hata kumeza mate. Babirye akafika darajani, maadui wako mbele, maadui wako nyuma, na hapo hapo stima ikapotea Tororo nzima. Nilirudi Busia kesho yake bila kuuona mwisho.

Lakini mwisho wa nini tena? Stelingi hafi. Niliujua mwisho kama ninavyojua jina langu.

Jumamosi hiyo nilisimama. Walicheka, nikangoja wamalize. Nikaanza kuuza, na nadhani niliuza vizuri, kwa sababu nilipofika kwenye kile chuma na ule mguu, kicheko kilikuwa kimeisha.

"Stelingi ni nani?" akauliza Wandera. "Hujasema stelingi."

"Nimesema. Ni Babirye."

"Ni msichana?"

"Ni msichana."

"Wewe Nafula, msichana anakuwanga dem ya stelingi. Stelingi ni huyo Kato."

"Kato anapika uji," nikasema. "Stelingi anapika uji?"

Hata wavulana wenzake walicheka. Wandera hakupenda. Akasimama, akanikaribia. "Na huyo Babirye akidedi?"

"Hawezi dedi. Stelingi hafi. Ama umesahau?"

"Wewe uliimaliza hiyo muvi?"

Hapa nikasema uongo. "Niliimaliza."

"Sawa basi. Akidedi, nyinyi wote saba mnatoka. Mnasikizia huko nje, milele."

"Na asipodedi?"

Akaangalia nyuma kwa wenzake. "Asipodedi, benchi yetu ya mbele ni yenu."

Nalongo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake. Nilimwangalia anitetee, lakini wavulana walikuwa zaidi ya thelathini, na kulikuwa na ukumbi mwingine umefunguliwa mtaa wa pili uliokuwa unamnyemelea wateja. "Mimi sitaki vita kwa nyumba yangu," akasema. "Lakini maneno mumesema nyinyi wenyewe. Mimi nitaleta hiyo CD."

Wiki hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Wenzangu sita waliniamini kabisa. Mmoja wao alikwisha kuanza kutuambia nani atakaa wapi kwenye benchi la mbele.

CD ikaja. Filamu ikaanza, na kwa muda wa saa moja na nusu nilikuwa mtu mkubwa. Wavulana walimpigia Babirye makofi. Walipiga kelele alipomtupa adui dirishani. Wandera alisimama mara mbili akiigiza lile teke. Kisha daraja likafika. Maadui mbele, maadui nyuma. Mkubwa wao akatoa bastola, Babirye akashika kifua, akayumba, akapinduka juu ya ukingo, maji yakamfunika. Na Lugambo, kwa sauti ya msiba ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtu mwingine, akasema, "Babirye afudde, banange. Babirye afudde."

Amekufa, jamani. Kisha Kato akaacha uji wake, akaja mbio, akammaliza mkubwa wa maadui kwa dakika tatu, Lugambo akaanza kumsalimia mwenye saluni, na Nalongo akatoa CD.

Nilitaka ardhi inimeze. Sikuwa nalilia benchi, nieleweke vizuri. Nilikuwa namlilia Babirye, na nilikuwa nimekasirika kwamba nalia mbele yao. Nilipogeuka nilimwona Wandera akifuta uso kwa kola ya shati. Aliponiona ninamwona, akafoka kuliko wote. "Si nilisema? Stelingi ni Kato! Tokeni! Tokeni nje!"

Tukatoka saba. Hakuna mwenzangu aliyenilaumu kwa maneno, na hilo lilikuwa baya zaidi. Njiani nilimwambia Amoding kwamba sikuwa nimeimaliza. Akasema, "Nilijua. Ungekuwa umeimaliza ungeniambia mwisho siku hiyo hiyo." Nikamwuliza mbona hakusema. Akaniuliza Jumamosi tutasimama wapi.

Watano waliacha kuja. Mimi na Amoding tulirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, tukasimama nyuma ya ukumbi kwenye jua kali, kati ya ukuta na jenereta. Mama aliniuliza kwa nini narudi nyumbani nanuka petroli. Kama walidhani tutaona haya tukae kwetu, walikosea watu. Waliposema nje, walisema nje, hawakusema mbali.

Mabati yale yalikuwa ya kununua kwa mtu aliyebomoa nyumba, yana matundu ya misumari. Moja lilikuwa sawa na jicho la Amoding. Yeye akachungulia, mimi nikabandika sikio. Tulikuwa tunagawana kama kawaida, ila sasa kulikuwa na ukuta katikati, na kwa mara ya kwanza picha na maneno yalinifikia kutoka pande mbili.

"Wanakula," Amoding akasema.

"Hawali. Wanapanga kumuua mfalme. Lugambo amesema."

"Nafula, wanakula samaki. Mfalme mwenyewe ndiye anawapatia."

Baadaye kidogo: "Mzee analia."

"Anacheka. Lugambo anasema anacheka, ameshinda kesi."

"Analia! Kwani mimi ni kipofu?"

Mwanzoni nilimkasirikia yeye. Halafu tukaanza kuhesabu, na kila Jumamosi hesabu ikaongezeka. Lugambo alisema barua, Amoding akaona ramani. Lugambo alisema ni dada zake, Amoding akaona wanabusiana. Nilikaa chini kwenye yale mawe nikasikia kichwa kinanizunguka. Ilikuwa kama kugundua kwamba mwalimu mkuu hajui kusoma. Mtu niliyemwogopa, aliyeniulia Babirye, hakuwa anaamua chochote. Alikuwa anabahatisha kama sisi.

Wavulana waliipenda filamu ile kupita kiasi. Waliiita Filamu ya Kato, wezi wakubwa wale, na baada ya miezi miwili wakaichagua tena. Amoding hakutaka tuisikilize. Nikamwambia tutaisikiliza, tena hadi mwisho, na ikiwa ni kulia tutalia nje ambako hakuna wa kutuona. Tukasimama mahali petu. Nilisikia teke, nikasikia dirisha, nikasikia makofi. Nikasikia daraja. "Babirye afudde, banange." Nilifumba macho. Kato akaja, akamaliza kazi yake ya dakika tatu. Salamu kwa mwenye saluni. Mabenchi yakaanza kukwaruza sakafu, watu wanasimama.

Ila siku hiyo Nalongo hakutoa CD. Alikuwa mlangoni anagombana na mwanamume kutoka Sio Port, kule ziwani, aliyetua magunia ya omena, wale dagaa, pale pale pa kuingilia, eti apumzike kidogo kabla ya kwenda sokoni. Tuliwasikia wakirushiana maneno. Ndani Lugambo akaendelea na muuza magodoro.

"Ngoja," Amoding akasema, jicho kwenye tundu. "Bado iko."

"Nini iko?"

"Muvi. Kuna barabara. Kuna mama anatembea, amebeba mzigo, amevaa kofia ya majani. Kuna mtoto anamkimbilia." Kisha akanishika mkono, akanifinya mfinyo ninaousikia hadi leo. "Nafula. Huyo mama anachechemea."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Sikumbuki kuzunguka ule ukuta. Nakumbuka niliruka gunia la omena, nikampita Nalongo kiunoni, nikaingia mle nilimofukuzwa na kuegemeza mgongo wangu kwenye kabati la chuma. TV ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

"Mama Nalongo, usitoe CD! Rudisha nyuma!"

"Toka hapo," Wandera akasema. "Nyinyi mlifukuzwa."

"Nitoe."

Akaja hadi mbele yangu. Alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Nikazidi kubana mgongo kwenye kabati. "Babirye hakufa," nikasema. "Yuko mwisho huko, mnaondokanga kabla ya mwisho. Amoding amemuona."

"Lugambo alisema amekufa."

"Lugambo anajua Kichina?"

Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyewahi kujiuliza hivyo, hata mimi. Nikauliza tena kwa sauti zaidi, kwa mtu aliyestahili kuulizwa. "Mama Nalongo, Lugambo anajua Kichina?"

Nalongo alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, bado ana hasira za omena. Alinitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichomtikisa mwili wote. "Lugambo? Yule mutoto wa kinyozi? Mimi nimekua naye Iganga! Hata Kizungu yake ni ya kuomba maji. Kichina atatoa wapi?"

Akaja, akanisogeza kando kwa nyonga, akarudisha CD nyuma. Salamu za saluni zilipoanza tena, akapunguza sauti hadi ikaisha kabisa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwetu sote kutazama picha bila kuambiwa inasema nini. Barabara ya vumbi. Mwanamke kwa mgongo, mzigo begani, anakwenda zake. Mtoto mdogo anamkimbilia, anamwuliza kitu. Mwanamke anageuka nusu, uso uko ndani ya kivuli cha kofia, anajibu neno moja, anaendelea na safari. Anachechemea. Picha inakuwa nyeusi.

"Wamama wengi wanachechemea," mvulana mmoja akasema.

"Nyamaza," Wandera akamwambia. "Rudisha tena, Mama."

Alirudishiwa mara tatu. Mara ya tatu alipiga magoti karibu na TV, pua inakaribia kugusa kioo. Nilimwangalia yeye badala ya picha, nikaelewa kwamba alikuwa anataka Babirye awe hai kama nilivyotaka mimi, labda kunishinda, na alinifukuza kwa sababu nilimuuzia mtu akampenda halafu akafa. Kuelewa huko hakukunilainisha hata kidogo. Nilikuwa nimesimama juani wiki tisa.

"Ni ya kushoto," akasema mwishowe, bila kunitazama.

"Kwa hivyo stelingi ni nani?"

"Nafula, si mmeshinda. Rudini tu kwa benchi yenu."

"Benchi yetu ni gani? Tulisemaje?"

Nalongo akasema, "Maneno mulisema wenyewe."

Wakaondoka kwenye benchi la mbele mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa wanaondoka tu. Nikamwita Amoding aingie. Aliingia ana alama nyekundu ya bati kuzunguka jicho. Tukakaa wawili kwenye benchi la watu wanane, tukanyoosha miguu. Filamu ilikuwa imeisha, TV imezimwa, wavulana wanatoka, na sisi tumekaa pale tunatazama kioo cheusi kana kwamba tumelipia. Tulikaa hadi watu wazima wa saa kumi walipoanza kuingia na Nalongo akatufukuza kwa mwiko. Jumamosi iliyofuata tulikuwa saba tena, na aliyesimama kuuza filamu wa kwanza alikuwa Amoding, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu.

Sasa ukumbi haupo na sisi tumetawanyika, lakini tuna kundi letu kwenye simu, watu wazima wenye watoto na shinikizo la damu, na bado tunauziana filamu. Sheria ni zile zile. Wandera ni wakala wa forodha Malaba na bado anauza vizuri, hata kwa maandishi. Mwaka huu aliitafuta ile filamu mtandaoni hadi akaipata, safi, bila Lugambo, ina maandishi ya Kiingereza chini. Akaiweka kwenye kundi, kila mtu aione, akaandika: "Nafula, nenda dakika ya mwisho. Huyo mtoto anamuuliza huyo mama jina lake. Soma jina anataja. Si ile jina Babirye wako anaitwanga huko mwanzo. Ni mtu mwingine kabisa. Nadai benchi."

Wote wakacheka, Amoding pia, ingawa yeye aliongeza kwamba mguu ni mguu. Nilikwenda dakika ya mwisho. Niliangalia mara nne. Ni kweli, anataja jina lingine, limeandikwa hapo chini waziwazi. Nikakaa na simu mkononi, nikasikia damu inapanda kama siku ile ya kabati la chuma, kisha nikamjibu mbele ya kundi zima:

"Wandera, Kato alimuua mkubwa wao tu. Wale wengine walikimbia, na walikuwa na bunduki. Ungekuwa wewe ndiye umepigwa risasi ukatupwa mtoni, mtoto usiyemjua akuulize jina barabarani, ungetaja la kweli?"

Ameusoma. Benchi haturudishi.